Vita vya Khagen Samaddar na Mwisho wa Hadithi

Nyamazeni, enyi mlioketi, nanyi mnaopita mkijifanya mna haraka! Mama wa biringanya, tua kapu lako. Bwana mwenye redio, ipunguze. Nawe unayejikuna mgongo kwa mpini wa mwavuli, endelea, lakini kimya kimya. Nawasimulia vita visivyomwaga damu bali wino, vilivyopiganwa katika kichochoro cha Nobin Kobiraj, kaskazini ya Kolkata, sikukuu ya Mama Durga ikikaribia, zama zile ambapo herufi za vitabu zilikuwa bado zikipangwa kwa mkono moja moja. Humo mtu mmoja mwenye kitambi, na miwani iliyofungwa kwa uzi, alisimama ana kwa ana na adui aliyewaangusha wanaume wengi wenye kalamu nzuri kuliko yake. Adui huyo anaitwa Mwisho wa Hadithi. Msicheke. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na katika kichochoro chetu sisi sote tu chungu.

Nawe Mama Saraswati, bibi wa elimu na zeze, upandaye bata maji mweupe wala usilowe, shuka unikalie ulimini kitambo kidogo. Mwaka ule nilikuomba hivi hivi, ukachelewa, na shairi langu likachapishwa chini ya tangazo la dawa ya kuhara. Sitaki kulizungumzia.

Basi alikuwako ghazi, shujaa wa vita hivi, Khagen Samaddar, mwana wa Ramtaran, mwenyewe mstaafu wa idara ya mifereji ya maji machafu, Simba wa Aya ya Kwanza, Sultani wa Mianzo. Hapajazaliwa mtu ajuaye kuanza hadithi kama yeye. Angeanza na ukungu. Angeanza na kilio nyuma ya ukuta. Angeanza na mgeni anayebisha hodi usiku wa mvua, nasi sote tukainama mbele, chai ikapoa mikononi, na yule mgeni akabisha, na kubisha, na mpaka leo anabisha, maana mlango haukufunguliwa kamwe. Kila mwaka aliahidi hadithi kwa jarida la sikukuu la mtaa wetu, na kila mwaka jarida lilitoka bila yeye. Hata mke hakumpata, kwa kuwa alipopelekwa kuposa alianza kueleza asili ya ukoo wake, na kabla hajamfikia babu mzaa baba, wenye binti walikuwa wamekwisha kumwoza kwa mhasibu. Kutangulia si kufika, walisema wahenga, na walisema hivyo huku wakimtazama Khagen.

Aliishi na dada yake mkubwa, Suhasini, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha mkokoteni. Magoti yake yalikuwa yamezikataa ngazi, kwa hiyo alitutawala kutoka roshani ya juu, akimteremshia muuza mboga kikapu kwa kamba na kukipandisha kimejaa mchicha na ugomvi. Chini ya roshani hiyo ndipo lilipo baraza letu, lile la saruji mbele ya mlango, ambapo wanaume wa mtaa hukaa kuamua mambo ya dunia kabla ya kwenda kazini, na wengine badala ya kwenda kazini. Kila neno letu lilipanda kwake kama moshi wa jiko. Na neno lake lilitushukia kama linavyoshuka neno la miungu, yaani bila taarifa.

Mwaka huo palikuwa na jambo. Sikukuu ikiisha, Dada Suhasini angehamia Jabalpur kwa mpwa wao, nyumba isiyo na ngazi, katika mji usio na samaki wa maana. Tiketi ilikuwa imekwisha kukatwa, na sanduku la bati limekwisha kutolewa uvunguni. Akamwita mdogo wake asubuhi moja, akimmiminia chai.

"Khagen, mimi nimesikiliza mianzo yako tangu ukiwa na nywele. Yule mgeni wako wa mvua bado yuko mlangoni, maskini ya Mungu, keshapata nimonia. Sikiliza. Kabla sijapanda treni nataka nisikie hadithi yako moja iliyofika mwisho. Moja tu. Hata ikiwa mbaya."

"Dada, hadithi haiharakishwi. Hadithi ni kama—"

"Tangu enzi za nywele zako, hiyo ni haraka?"

Ndipo Khagen akasimama, akakiinua kikombe kama amiri anayeinua upanga mbele ya majeshi, akasema, "Naapa kwa roho ya mama, na kwa jiko hili lililonilea, kwamba safari hii sitageuka nyuma, sitazunguka, wala sitalala barabarani—"

"Chai inamwagika kwenye shuka," alisema Dada Suhasini.

Hivyo ndivyo kiapo kilivyoapwa, na shuka ikawa shahidi.

Asubuhi hiyo hiyo alishuka barazani, akamkuta Phani Sarkar, daktari wa vile vidonge vitamu vya homeopathi, aliyekuwa pia mhariri wa jarida la sikukuu kwa kuwa ndiye pekee mwenye stapla. Phani alikuwa ameketi kama hakimu, na makaratasi yamelala magotini.

"Khagen, bahati yako. Yule wa tangazo la dawa ya mbu amejitoa. Nina ukurasa mmoja, unatazamana na tangazo la mafuta ya haradali. Mpangaji wa herufi anaondoka kesho mchana kwenda kwao. Ukinipa hadithi kabla hajafunga mlango, inaingia. Usiponipa, naweka picha ya mwenyekiti wa kamati ya sikukuu."

"Tena ile yenye kofia?" aliuliza Bata Laha kwa hofu.

Nilipaswa kumtaja Bata Laha mapema. Ni mzee wa duka la misumari, wa ukoo uliokaa Kolkata tangu Kolkata ilipokuwa kinamasi, na kwa sababu hiyo hujiona kama aliupanga mji mwenyewe. Kando yake, kama kawaida, alikaa Monoronjon Guha, mwalimu wa hesabu mstaafu, ambaye wazee wake walitoka ng'ambo ya mashariki wakati nchi ilipogawanywa, wakaja na kufuli bila nyumba. Hawa wawili hukaa bega kwa bega kila siku iliyoumbwa, na kila siku iliyoumbwa hugombana.

"Ukurasa mmoja unatosha," Phani alitangaza, akiinua kidole. "Hadithi fupi, ndugu zangu, ni kama kidonge changu. Ni ndogo, ni tamu, na mgonjwa hajui imefanya nini mpaka imeyeyuka. Na lazima mwishoni iwe na funzo. Umoja wa mtaa, kwa mfano."

"Umoja wa nani?" Bata Laha akamkata. "Hadithi bila mtu kufa ni tangazo la biashara. Mimi nikisoma, nikifika katikati hakuna maiti, nafunga. Weka kifo, Khagen. Kifo kizuri, cha mtu mwenye mali."

"Mvua," alisema Monoronjon. "Nyinyi hamjui kitu. Mtu hata akifa, afie kwenye mvua. Bila mvua nani atalia?"

Khagen, ambaye moyo wake ulikuwa mlango usio na komeo, aliwaitikia wote, akatoa karatasi zake kifuani. Maana alikuwa ameanza tayari, na hilo halikumshangaza mtu. Akasafisha koo, akasoma. Alisoma habari za mto uliokuwapo kabla ya watu. Alisoma jinsi Ramjoy, baba wa babu yake, alivyouvuka mto huo katika dhoruba, sanamu ya mungu wa nyumbani imefichwa ndani ya chungu cha mchele. Alisoma habari za tembo wa mwenye shamba, tembo mmoja mzee aliyekuwa akilia kila aliposikia zumari. Sisi tulisikiliza kwa utamu mwingi, kwa kweli. Chai ikaja, ikaisha, ikaja nyingine, na hatimaye, kutoka mbali sana, akatokea mtu mmoja anayetaka kwenda sokoni.

"'Akachukua mfuko wake,'" Khagen alisoma, "'akasema moyoni mwake, leo nitanunua samaki ilish wa mto Padma—'"

"Wa wapi?" aliuliza Bata Laha, taratibu, kama mtu anayevua saa ya mkononi kabla ya kupigana.

"Wa Padma."

"Kumbe Ganga imekauka! Mbona hatukuambiwa? Sisi tuliokaa hapa tangu babu zetu tunakula nini, matope?"

Enyi wasikilizaji, nchi zimepigana kwa sababu ya dhahabu, na wafalme kwa sababu ya wanawake, lakini sisi Wabengali tuna samaki. Ukitaka kujua kama nyumba mbili zitaoana kwa amani, usiulize dini wala utajiri. Uliza samaki wao anatoka mto gani, Padma ya ng'ambo ya mashariki au Ganga ya hapa kwetu. Khagen alilijua hilo toka utotoni kama anavyojua jina lake. Bado alikwenda kuuandika mto, mchana kweupe, juu ya karatasi.

"Bata, ndugu yangu," alisema Monoronjon kwa upole wa kutisha, "nakuheshimu, umri wako umekwenda. Lakini mtu anayetia sukari kwenye dengu asisimame mbele za watu kuzungumza habari za samaki."

"Sukari kidogo!"

"Siku ile uliponialika, nilionja mchuzi wa samaki, nikadhani nimeletewa halua!"

"Na mimi nikitoka kwako midomo imevimba kama nimebusu jiko! Mke wangu akaniuliza, baba, umepigana?"

"Ungemwambia ndiyo, na umeshindwa!"

Hapo vumbi la vita likapanda. Wapita njia wakasimama, wakajigawa kwa mito. Kinyozi akaja na wembe mkononi, upande wa Padma. Muuza peremende akauacha ubao wake, upande wa Ganga. Mtu mmoja alithubutu kusema kwamba yeye anapenda kamba wakubwa wa nazi kuliko ilish, na sijawahi kumwona tena. Katikati ya ghasia Phani alipiga kelele, "Andika mito yote miwili! Umoja wa mtaa!" na Khagen, maskini, akaandika. Akaandika Padma, akaandika Ganga, akamwaga mvua ya Monoronjon juu ya yote miwili, akamwua tajiri kwa ajili ya Bata, akaanza kutafuta pembe ya kutia umoja. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo hiki kilikuwa bado hakijatoka bandarini.

Ndipo mbingu zikafunguka. Yaani mlango wa roshani.

"Khagen!"

Kinyozi akauficha wembe.

"Naam, Dada."

"Huyo mtu wako anataka nini?"

"Samaki, Dada."

"Anamtaka sana?"

Khagen akafikiri. "Sana."

"Mbona hajavaa viatu?"

Sote tukaitazama karatasi ya Khagen.

"Mimi hapa dengu zinaungua, nangoja mtu avae viatu!" iliendelea ile sauti. "Mara mto, mara babu yetu Ramjoy na chungu chake, mara tembo. Sasa mmemletea mvua na maiti. Yeye mwenyewe hana shida yake? Anamnunulia nani huyo samaki?"

Khagen akageuza karatasi, kana kwamba jibu lingekuwa nyuma yake.

"Hapo sijafika, Dada."

"Basi anzia hapo! Kuchamba kwingi... malizieni wenyewe, mimi ni mtu mzima." Na mlango wa roshani ukafungwa kwa kishindo, na harufu ya dengu zilizoungua ikatushukia.

Hata jua lilipopita kichwani, watu wakala wali, wakajilaza, na kichochoro chote kikakoroma, isipokuwa Khagen Samaddar peke yake, aliyeketi sakafuni mbele ya kisanduku cha mbao anachofanya meza. Mbele yake zilipangwa aya zake kama jeshi lililotoka nchi za mbali kwa gharama kubwa. Akachomoa kalamu. Jeshi alilokwenda kulichinja lilikuwa lake mwenyewe.

Wa kwanza kuanguka ulikuwa Mto. Uliokuwapo kabla ya watu haukuwapo baada ya mstari mmoja wa wino. Mvua ikakauka. Tajiri wa Bata Laha akafufuka, maana hakuna aliyemwua tena, akaenda zake bila shukrani. Umoja wa Mtaa haukungoja hata kalamu. Ulipoiona tu ulitawanyika, kila neno upande wake. Kisha akainuka Ramjoy, baba wa babu, amesimama katika mashua ya aya ya pili, maji yakimtiririka, chungu kichwani.

"Mjukuu wangu!" alilia. "Niliivuka dhoruba ile ili wewe uzaliwe, na leo unanifuta kwa kalamu ya kuazima?"

"Nisamehe, babu," alisema Khagen, machozi yakimlengalenga kweli kweli. "Ungezama, ningekuwa na la kusimulia. Lakini ulifika salama, wewe na chungu. Hadithi haina la kumfanyia mtu aliyefika salama."

Ramjoy akalitafakari hilo. "Hata dhoruba isibaki?"

"Hata dhoruba."

Na akaenda, lakini kwa heshima, akiwa ameshika chungu kwa mikono miwili.

Akabaki tembo. Sasa hapa, jamani, mwenye moyo mwepesi aangalie pembeni. Tembo hakulia wala hakujitetea. Alimtazama tu Khagen kwa yale macho madogo yenye kope ndefu, masikio yakipepea taratibu, naye Khagen alimpenda tembo yule kuliko alivyopenda watu wengi wa ofisi ya mifereji. Akaweka kalamu chini. Akaishika. Akaiweka tena. Mwishowe akamnong'oneza, "Nenda, mzee. Wewe hukuja sokoni. Siku yako itafika, utakuja peke yako, na hapatakuwa na samaki." Akapiga mstari. Na sema unachotaka, huo ulikuwa ushujaa.

Uwanja ukawa mweupe. Juu yake alisimama mtu mmoja tu, mfuko mkononi, bila viatu, akimtazama Khagen amwambie anakwenda kwa ajili ya nani. Khagen hakujua. Akafikiria mke, akamfuta, kwa kuwa hakuwa na uzoefu. Akafikiria mgeni mashuhuri, akamfuta. Ndipo kutoka chumba cha pili akasikia kifuniko cha sanduku la bati kikiinuliwa, na nguo zikikunjwa, na Dada Suhasini, ambaye Khagen alidhani amelala kama watu wote, akihema kidogo kwa kuinama. Kifuniko kikafungwa. Kikafunguliwa tena, kana kwamba kuna kitu amekitoa.

Khagen Samaddar akamvisha mtu wake viatu.

Tangu hapo kalamu ilikimbia kama farasi aliyenusa kwao, na alichoandika mtakisikia, msinisukume. Ninachotaka mjue sasa ni kilichompata karibu na mkia wa ukurasa, pale ambapo mambo yote yalikuwa yamekwisha kusemwa na ilibaki sentensi moja. Hapo ndipo Adui alipotoka mafichoni. Mkono wa Khagen ukasimama hewani. Ghafla akaona mahali pazuri pa kuingiza soko lilivyojengwa. Akamkumbuka muuza barafu mwenye kigugumizi. Hata pembe ya tembo ilichungulia ukingoni mwa karatasi. Na katika kimya kile akakijua alichokuwa akikiogopa miaka yote, akakijua waziwazi. Hadithi ikifika mwisho, msikilizaji huinuka, hukung'uta nguo, huenda zake. Maadamu mgeni yuko mlangoni anabisha, hakuna anayeondoka barazani. Na maadamu yeye anaendelea kuandika, Dada yuko chumba cha pili.

Alikaa hivyo mpaka mwanga wa dirishani ukahama ukutani. Kisha akaandika ile sentensi. Katika maandishi yetu sisi sentensi haifungwi kwa kitone. Hufungwa kwa mstari mmoja uliosimama wima, na Khagen aliuchora mstari huo kutoka juu hadi chini, polepole, kama askari anayechomeka mkuki katika nchi aliyoiteka. Akashusha pumzi. Nyuma ya mstari ule karatasi ilikuwa tupu, na hakuitia kitu.

Jioni ilipofika, baraza lilijaa. Habari zilikuwa zimeenea kwamba Samaddar amemaliza, na watu walikuja kama wanavyokuja kutazama ndama mwenye vichwa viwili. Phani alikuja na stapla. Kinyozi alifunga duka. Juu, Dada Suhasini alikuwa ameegemea roshani, mikono imekunjwa, uso hausomeki.

"Nani anafia ndani?" aliuliza Bata Laha.

"Hakuna."

"Mvua?" aliuliza Monoronjon.

"Hakuna."

"Basi itakuwa fupi," wakasema wote wawili pamoja, wakatazamana kwa chuki kwa kukubaliana.

Khagen akafungua karatasi. Akasoma hivi:

"'Mtu mmoja alivaa viatu akatoka mbio, kwa sababu dada yake alikuwa anahama, na huko anakokwenda hakuna samaki. Alichelewa, kwa kuwa hajui kumpita mtu bila kumsimulia kitu. Alipofika sokoni alikuwa amebaki samaki mmoja mnono...'"

Bata Laha akainua kichwa. Monoronjon akainua kichwa. Lakini mto haukutajwa. "Wa Ganga huyo," alinong'ona Bata kwa kuridhika, na kwa upande wa pili Monoronjon alikuwa akitikisa kichwa pole pole, tayari akimwona samaki wa Padma anavyomeremeta. Khagen akaendelea.

"'...na mtu mwingine alikuwa amekwisha kumshika mkia. Akamwambia, dada yangu anahama. Yule mwingine akamtazama usoni, akauachia mkia.

'Tangu mama yao alipofariki, dada ndiye aliyepakua. Kipande cha tumboni, kile laini, kinachoteleza kooni bila taabu, alimpa mdogo wake. Yeye alichukua mkia na mgongo, kwenye miiba myembamba kama nywele, akisema, mimi naipenda miiba. Mdogo aliamini, kwa kuwa kuamini kulikuwa kutamu. Siku hiyo mdogo akapakua mwenyewe. Akamwekea dada tumbo, akajiwekea mkia. Dada akafungua mdomo aseme neno. Mdogo akasema, kula. Wakala kimya. Mwiba ukamchoma mdogo ulimi, mwingine ukamchoma ufizi; akawa anatafuna polepole na kuitoa mmoja mmoja kwa vidole. Alipoinua macho, sahani ya dada ilikuwa tupu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao dada kumaliza kula kabla yake.'"

Akashusha karatasi.

Phani aliifungua stapla akaifunga. Kisha kutoka juu:

"Imeisha?"

"Imeisha, Dada."

"Imeisha kabisa?"

"Kabisa."

Roshani ikawa tupu. Khagen akatazama pale aliposimama dada yake, na uso wake ukawa kama wa mtoto aliyeachwa shuleni siku ya kwanza. Kwa hiyo ni kweli, alifikiri, na sisi sote tulimwona akilifikiri: ukiimaliza, wanaondoka.

Lakini tukasikia ngazi. Zilikuwa zikilia moja moja, na kati ya moja na nyingine kulikuwa na kituo kirefu na maneno yasiyofaa kusimuliwa. Enyi kaumu, tangu mvua za mwaka uliotangulia mwanamke yule hakuwa amekanyaga chini! Mlango ukafunguka, akatokea Dada Suhasini mwenyewe, ameshika ukuta, anahema, nywele zimefumuka, na wanaume wote wa kichochoro cha Nobin Kobiraj wakasimama kama askari mbele ya malkia.

"Sogea," alimwambia Bata Laha. Bata akasogea. Akaketi barazani, kati ya Ganga na Padma, akaupanga upindo wa sari, akamtazama mdogo wake.

"Huyo dada wa kwenye hadithi, alikwenda?"

"Hadithi haisemi, Dada."

"Kwa nini haisemi?"

"Imeisha."

"Hm." Akapangusa pua kwa upindo. "Na miiba naipenda kweli, mjinga wewe." Akaunyoosha upindo. "Siyo yote."

Monoronjon Guha, mtu wa hesabu, alitoa leso akajipangusa macho, akasema ni pilipili. Bata Laha akamwambia aone haya, mtu mzima, kisha akamwomba leso.

"Haya," alisema Dada Suhasini, "soma tena. Polepole. Pale kwenye sahani umepita mbio."

Waandike basi waandishi wa tarikhi, kama wana karatasi isiyoandikwa vita vya wafalme. Waandike kwamba katika jarida la sikukuu la mwaka ule, ukurasa unaotazamana na mafuta ya haradali, ilichapishwa hadithi yenye mwanzo, yenye mtu mmoja anayetaka kitu kimoja, isiyo na tembo, na yenye mwisho. Na picha ya mwenyekiti ikasukumwa nyuma kabisa, kofia na yote. Waandike kwamba Khagen Samaddar, Simba wa Aya ya Kwanza, alisimama jioni ile mbele ya watu wa mtaa wake akaisoma mpaka mwisho, akaombwa, akaisoma tena mpaka mwisho, akaombwa tena na kinyozi. Na kila alipofika mwisho alinyamaza, akatuangalia kwa wasiwasi, na hakuna aliyeinuka.